Python 3.12 iwe chaguo-msingi kwenye Ubuntu bila kugusa /usr/bin/python3

Swali: Natumia Ubuntu 22.04, ambayo ilikuja na Python 3.10. Mradi ninaoufanyia kazi unadai 3.12. Nimeisakinisha kutoka deadsnakes (hazina ya nje yenye matoleo mengine ya Python kwa ajili ya Ubuntu), lakini nikiandika python3 --version bado naletewa 3.10. Nikafuata maelekezo ya update-alternatives (amri ya kuchagua toleo la programu litakalojibu jina fulani), nikaipa 3.10 kipaumbele 1 na 3.12 kipaumbele 2. Toleo likabadilika kweli, ila sasa terminali haifunguki nikibofya ikoni yake, na apt update inaishia kwenye kosa la apt_pkg (moduli ya Python inayotumiwa na zana za apt). Nirudisheje mambo yalivyokuwa, na ni ipi njia sahihi ya kuifanya 3.12 iwe chaguo-msingi?

Jibu: Huhitaji kusakinisha mfumo upya, na mafaili yako yako salama. Ulichobadilisha ni kiungo kimoja tu, /usr/bin/python3, yaani jina linaloelekeza kwenye Python halisi, nacho kinarudishwa kwa amri mbili. Tuanze na hilo kwanza, maana bila terminali huwezi kufanya mengine.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini nyeusi inayokuomba jina la mtumiaji na nywila (nywila haionekani unapoiandika, wewe endelea tu). Kisha:

sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3

Usiishie kwenye mstari wa kwanza. Amri ile inafuta kundi zima la machaguo pamoja na kiungo chenyewe, kwa hiyo kwa muda huo mashine haina kabisa kitu kinachoitwa /usr/bin/python3. Mstari wa pili ndio unaokirudisha. Kwa bahati nzuri sudo, ln na update-alternatives zenyewe hazikuandikwa kwa Python, ndiyo maana zinaendelea kufanya kazi hata katika hali hii. Hakikisha:

ls -l /usr/bin/python3
python3 -c 'import apt_pkg, gi; print("sawa")'

Ya kwanza ionyeshe mshale unaoelekea python3.10, ya pili iandike "sawa". Ikiwa ya pili bado inalalamika, andika type -a python3 uone kama kuna python3 nyingine iliyotangulia, mara nyingi ndani ya /usr/local/bin. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, malizia kwa sudo apt install --reinstall python3-minimal, kwa sababu kifurushi hicho ndicho mmiliki halali wa kiungo cha /usr/bin/python3. Rudi kwenye dawati kwa Ctrl+Alt+F2 (mashine nyingine ni F1) na ubofye ikoni ya terminali. Itafunguka.

Hapa kuna dawa mbili zinazosambazwa sana ambazo nakusihi uziache. Ya kwanza ni kunakili faili la apt_pkg na kulipa jina jipya ili 3.12 ikubali kulisoma. Faili hilo ni msimbo uliokwisha kukompailiwa kwa ajili ya 3.10, kulibadilisha jina hakubadilishi kilichomo, na likikubali kupakiwa linaweza kuangusha programu katikati ya kazi bila ujumbe wa maana. Ya pili ni kuiondoa 3.10 "ili ibaki moja tu". Ukiandika sudo apt remove python3, soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kujibu Y: utakuta ubuntu-desktop imo, na nusu ya dawati pamoja nayo.

Sasa kwa nini mambo yaliharibika. Ubuntu, kama Debian iliyoizaa, inaitumia Python kwa kazi zake za ndani. Add-apt-repository ni skripti ya Python. Kinachokudokezea ni kifurushi gani usakinishe unapoandika amri isiyokuwepo ni Python. Hata amri ya gnome-terminal kwenye Ubuntu 22.04 ni skripti fupi ya Python inayoiita programu halisi. Zote hizi mstari wake wa kwanza unataja njia kamili, #!/usr/bin/python3, na zote zimejaribiwa na toleo moja tu, lile lililotoka na mfumo.

Maktaba zake ziko /usr/lib/python3/dist-packages. Angalia jina la folda hiyo: ni python3, haitaji 3.10. Matoleo yote ya 3 yaliyosakinishwa kwa apt, pamoja na hiyo 3.12 ya deadsnakes, yanachungulia humo humo. Moduli zilizoandikwa kwa Python tupu zitasomwa na toleo lolote. Lakini zile zenye sehemu iliyoandikwa kwa C zina majina kama apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so, na hiyo "310" ni kama namba ya kufuli. Python 3.12 inatafuta faili lenye 312, hailioni, inasema No module named 'apt_pkg'. Kwa gi, moduli inayotumiwa na programu za dawati, ni hivyo hivyo: folda ya gi inaonekana, sehemu yake ya Python inaanza kusomwa, kisha inakwama kwenye _gi ambayo ipo kwa 310 pekee. Terminali yako ilifia hapo, na kwa kuwa uliibofya kwa kipanya, ujumbe wa kosa haukuwa na mahali pa kuonekana.

Apt yenyewe imeandikwa kwa C++, ndiyo maana ilishusha orodha vizuri na kulalamika mwishoni tu: baada ya update huitwa skripti ndogo ya Python ya kusasisha hifadhidata ya amri. Usidhani basi kosa lile ni la mapambo. Vifurushi vingi vya Python, wakati wa kusakinishwa, huita py3compile, amri ya kukompaili moduli zao, nayo pia inapitia /usr/bin/python3. Siku moja kifurushi kinaachwa nusunusu na dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha, inagoma kuendelea na vingine.

Kuhusu namba ulizotoa: katika hali ya otomatiki, update-alternatives huchagua chenye namba kubwa zaidi. Kuipa 3.12 kipaumbele 2 kulimaanisha kuikabidhi mfumo mzima dakika ile ile, hata kabla hujaita --config. Chombo chenyewe hakina kosa. Kwa PHP au Java ndicho kinachotakiwa, kwa sababu waandaaji wa vifurushi hivyo wenyewe ndio wanaoandikisha kundi la php au la java, na mfumo hautegemei toleo mojawapo. Kwa Python, Debian na Ubuntu hawajaandikisha kundi hilo kwa makusudi. Kwenye mashine isiyoguswa, update-alternatives --display python3 hujibu kwamba hakuna machaguo ya python3. Jibu hilo lichukulie kama kibao cha "usiingie".

Kwa hiyo swali la "chaguo-msingi" linahitaji swali lingine mbele yake: chaguo-msingi la nani? Skripti za mfumo zinauliza kwa njia kamili na lazima zijibiwe 3.10. Wewe kwenye terminali unaandika jina tu, na sheli inalitafuta folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa PATH (orodha ya folda zenye amri), inachukua la kwanza inalolikuta. Hivi vitu viwili havigongani. Unaweza kubadilisha unachokutana nacho wewe bila kugusa kinachokutwa na mfumo.

Kwa mradi mmoja unaodai 3.12, dawa ni mazingira pepe (folda yenye Python na maktaba za mradi huo peke yake), na kwa maoni yangu watu wengi hawahitaji kingine chochote. 3.12 yako tayari ipo, ina jina lake kamili: python3.12. Ongeza vifurushi viwili:

sudo apt install python3.12-venv python3.12-dev

Cha kwanza kinaleta uwezo wa kuunda mazingira pepe. Bila hicho utaambiwa ensurepip haipo. Cha pili kina mafaili ya vichwa vya C. Bila hicho, maktaba yoyote inayohitaji kukompailiwa itakwama kwa Python.h: No such file or directory. Kisha, ndani ya folda ya mradi:

python3.12 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
python --version
python -m pip install -r requirements.txt

Kuanzia hapo python na python3 zote ni 3.12, hadi utakapoandika deactivate. Kilichotokea ni kwamba activate imeiweka .venv/bin mbele ya PATH, basi. Zoea kuandika python -m pip badala ya pip peke yake, ili pip iwe ya Python ile ile unayoitumia. Pip ya apt kwenye Ubuntu 22.04 ni ya zamani kwa 3.12: ukiilazimisha utapata kosa la distutils au la pkgutil kukosa ImpImporter, kwa sababu vyote viwili viliondolewa katika 3.12. Mazingira pepe yanakuja na pip yake mpya, kwa hiyo tatizo hilo hulioni.

Watu hudhani lazima wa-activate kila mara. Hapana. Ukiita /home/jina/mradi/.venv/bin/python moja kwa moja, Python inaliona faili la pyvenv.cfg lililo karibu yake na kujua iko ndani ya mazingira pepe. Hii ndiyo njia ya kutumia pale ambapo PATH yako haifiki. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ni mfano mkubwa: kwenye Debian na Ubuntu PATH yake ni /usr/bin:/bin tu, na haisomi .bashrc yako. Systemd, inayoendesha huduma za mfumo, nayo, weka njia kamili kwenye ExecStart. Sudo ina PATH yake yenyewe, iliyoandikwa kama secure_path kwenye sudoers (faili la mipangilio yake), kwa hiyo sudo python3 ndani ya mazingira pepe inakurudisha 3.10 kimyakimya. Skripti iliyofanya kazi vizuri mkononi na kukataa usiku kwenye cron, mara nyingi kisa ni hiki.

Kitu kimoja cha kukumbuka: mazingira pepe hayahamishwi. Skripti zilizomo kwenye bin zimeandikiwa njia kamili, na ukibadilisha jina la folda, pip itakuambia bad interpreter. Futa .venv, tengeneza upya; ni kazi ya dakika moja ikiwa una requirements.txt.

Je, kama unataka 3.12 ikujibu kila mahali kwenye akaunti yako, si ndani ya mradi mmoja tu? Njia nyepesi ni kuliacha jina python3 na kulitumia jina python, ambalo Ubuntu 22.04 hailiweki kabisa usipoliomba:

mkdir -p ~/.local/bin
ln -s /usr/bin/python3.12 ~/.local/bin/python

Toka kwenye akaunti na uingie tena, kwa sababu ~/.profile ya Ubuntu huiongeza ~/.local/bin kwenye PATH pale tu inapoikuta ipo wakati wa kuingia. Sasa python ni 3.12 na python3 ni 3.10, na hakuna skripti ya mfumo inayoathirika. Kipo pia kifurushi cha python-is-python3, lakini hicho kinaielekeza python kwenye python3 ya mfumo, yaani 3.10. Kinamfaa aliyechoka kuandika ile 3, wewe hakikufai.

Ukiwa na miradi mingi yenye matoleo tofauti, tumia pyenv. Hii hujenga kila toleo kutoka msimbo chanzo ndani ya ~/.pyenv bila kuhitaji sudo. Sakinisha kwanza vitegemezi, na usivipuuze:

sudo apt install build-essential curl git libssl-dev zlib1g-dev libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libffi-dev liblzma-dev tk-dev

Ukiruka kimojawapo, ujenzi unaweza kumalizika kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha Python inayozaliwa ina kilema. Bila libssl-dev, pyenv yenyewe inakatisha ujenzi kwa kosa la ssl. Bila libffi-dev utakutana na No module named '_ctypes'. Bila libreadline-dev, ukibonyeza mshale wa juu unaandikiwa ^[[A. Kuongeza kifurushi baadaye hakutibu Python iliyokwisha jengwa. Lazima ijengwe upya.

Baada ya kuisakinisha pyenv, mistari hii iende mwishoni mwa ~/.bashrc:

export PYENV_ROOT="$HOME/.pyenv"
export PATH="$PYENV_ROOT/bin:$PATH"
eval "$(pyenv init - bash)"

Fungua terminali mpya, kisha:

pyenv install 3.12
pyenv global 3.12

Ndani ya folda ya mradi unaotaka toleo jingine, pyenv local inaandika faili dogo la .python-version, na toleo hilo linashika pale tu. Pyenv huangalia kwanza PYENV_VERSION, halafu faili hilo, halafu global. Ikikupa toleo usilolitarajia, pyenv version (bila s) itakuambia imelitoa wapi. Dosari ndogo ninayoijua: skripti ya mfumo inayoanza na #!/usr/bin/env python3, ukiiita wewe mwenyewe kutoka terminali, itaangukia 3.12 ya pyenv. Ni chache, na PYENV_VERSION=system mbele ya amri inatosha. Chombo kipya cha uv kinafanya kazi inayofanana kwa kasi zaidi, kwani hushusha Python iliyokwisha jengwa badala ya kuijenga kwako: uv venv --python 3.12 na umemaliza.

Ukilazimika kujenga kwa mkono kutoka msimbo chanzo, tofauti kati ya usalama na balaa ni neno moja: sudo make altinstall, wala si make install. Ya kwanza inaweka /usr/local/bin/python3.12 peke yake. Ya pili inaweka na python3 pia, na kwa kuwa /usr/local/bin hutangulia /usr/bin kwenye PATH, umejirudisha karibu na pale ulipokuwa, tena kwa watumiaji wote wa mashine.

Alias (jina la mkato la amri) kwenye .bashrc naiona ikipendekezwa sana. Inakubadilishia unachoandika kwa mkono tu. Skripti, make, kihariri chako, hakuna kati yao kinachoiona. Matokeo ni kwamba wewe unaona 3.12 na programu inaona 3.10, na unapoteza asubuhi nzima ukitafuta mchawi. Na ikitokea umebadilisha PATH lakini toleo la zamani linang'ang'ania kwenye dirisha lile lile, andika hash -r: bash hukumbuka mahali ilipoikuta amri mara ya mwisho.

Kwenye mifumo mingine kanuni ni ile ile, majina tu yanatofautiana. Red Hat Enterprise Linux 8 ilitenganisha mambo waziwazi kwa kuipa Python ya mfumo makazi yake, /usr/libexec/platform-python. MacOS iliondoa /usr/bin/python katika toleo la 12.3, mwaka 2022; iliyobaki, /usr/bin/python3, ni ya zana za Apple, isiguswe. Windows ina kizindua cha py: orodhesha matoleo kwa py -0, chagua kwa py -3.12, na weka chaguo-msingi kupitia kigezo cha mazingira kiitwacho PY_PYTHON.

Mwisho, upandishaji wa mfumo. Ukienda Ubuntu 24.04, Python ya mfumo itakuwa 3.12 yenyewe, na hazina za nje kama deadsnakes huzimwa wakati wa kupandisha. Mazingira pepe yoyote uliyoyaunda kwa 3.10 yatakufa kwa sababu /usr/bin/python3.10 haitakuwepo, kwa hiyo hifadhi orodha kwa python -m pip freeze > requirements.txt kabla ya kuanza. Huko pia utakutana na error: externally-managed-environment ukijaribu pip install nje ya mazingira pepe, ulinzi huo umewekwa makusudi, na bendera ya kuuvuka inaitwa --break-system-packages, jina linalojieleza. Hakikisha pia, kabla ya hapo, kwamba ls -l /usr/bin/python3 bado inaelekea python3.10: do-release-upgrade, amri ya kupandisha mfumo, hukikagua kiungo hicho, na ikikikuta kimeelekezwa kwingine inakataa kuanza.